Tantine wa Kumi na Mbili juu ya Ishirini

Tantine wa kwenye wimbo ni mimi.

Nimelikana jambo hili mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya muuza makaa, mbele ya padri, na mara moja mbele ya daktari wa meno aliyekuwa ameshika koleo ndani ya kinywa changu, ikanibidi nikane kwa macho. Uvira ina matantine wengi, mashangazi wa kila aina, nilikuwa nikisema. Wenye miwani nao ni wengi, kwa vumbi hili na jua hili. Na hata angekuwa mmoja tu, wimbo si ushahidi. Hoja zangu zilikuwa zimepangwa vizuri, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayelipwa, pale serikali inapokumbuka, kwa kazi ya kuwafundisha vijana kupanga hoja. Hakuna aliyeniamini. Niliendelea tu, mpaka kukana kukawa kwangu kama kukohoa kabla ya kuongea. Nilikana hata kabla ya kuulizwa.

Anayeimba ni binti wa kaka yangu. Kaka analima mihogo Lubarika, na aliniletea huyu mtoto mjini ili asome sekondari, kwa kuwa mimi nilikuwa na nyumba ya matofali, rafu ya vitabu, na sikuwa na mtoto. Alikuja na begi na sauti. Begi nililiona siku ileile. Sauti niliichukulia kwa muda mrefu kama kelele za jikoni, na nikamwomba aipunguze.

Alirekodi wimbo wake wa kwanza mtaa wa Kimanga, katika chumba ambacho mwenye nacho alikibandika trei za mayai ukutani na godoro kuukuu mlangoni, akakiita studio. Walirekodi alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka na kabla kanisa la jirani halijawasha spika zake. Hata hivyo jogoo anasikika. Wimbo ulihusu ziwa, maana ilikuwa miaka ile Tanganyika ilipopanda ikaingia majumbani mwa watu, naye aliliimba kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, akavua viatu, akalala kitandani. Nilipousikia nilimwambia kwamba katika ubeti wa pili ziwa linabadilika kuwa mwanaume bila maelezo. Akaniuliza, "Na jogoo?" Nikasema jogoo ndiye pekee aliyeingia kwa wakati wake.

Kutoka studio nyimbo hupita kwa vijana wenye kompyuta, wanaokaa chini ya miavuli kando ya barabara na kumpakia mtu nyimbo kwenye simu yake. Wimbo ukishafika pale haurudi. Unaweza kubadili mawazo, unaweza kulia, unaweza kumpigia magoti aliyeuimba, lakini tayari umepanda milima ya Bijombo kwenye mfuko wa mchunga ng'ombe na umevuka ziwa kwenye simu ya mvuvi. Hilo nililijua kama jambo la kuchekesha, kabla halijawa jambo lingine.

Wimbo wa pili ndio huo. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, mimi na yeye, na kwa uvivu wa mchana nikamsimulia habari ambayo sikuwa nimemsimulia mtu. Zamani mwanaume mmoja, mwalimu wa hesabu mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, alikuja kunitamkia mapenzi. Alisimama kwenye baraza na kutoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Alipomaliza nilimwambia, "Kumi na mbili juu ya ishirini. Utangulizi mzuri, hitimisho hakuna." Nilidhani atacheka, kisha atatoa hitimisho. Alinishukuru kwa heshima, akashuka ngazi, na mwaka haukuisha akawa ameoa mtu asiyetoa alama.

Binti wa kaka yangu alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mvua ziliporudi, kila msichana wa Uvira aliyekuwa akisuka nywele alikuwa anaimba:

Tantine wa miwani, toa ishirini,
kumi na mbili haileti harusi nyumbani.

Jirani yangu, mama anayeuza ndagala, aliuweka kuwa mlio wa simu yake. Alifanya hivyo kwa ajili yangu, na hakuficha. Kila asubuhi alipita kwenye ua wangu na beseni la samaki hao wadogo kichwani.

"Profesa! Hii ndagala yangu ya leo iko na ngapi juu ya ishirini?"

"Mimi si profesa, mama, na huyo wa kwenye wimbo si mimi."

"Aa, weye unakana nini? Muji muzima inajua. Hata ndagala inajua, angalia vile inakutolea macho."

"Kuna matantine wengi."

"Iko wengi, ndiyo. Lakini aliyefukuza bwana juu ya hitimisho, iko mumoja."

Nilicheka siku hizo, ndani kwa ndani, nikiwa nimekunja uso. Na usiku, naomba hili libaki kati yetu, nilikuwa naupiga wimbo huo kwa sauti ya chini nikisahihisha mitihani.

Ila wimbo ulikuwa na mkia, na mkia huo ndio uliokuja kututafuta. Kwetu Kongo mwimbaji hutupa libanga. Maana yake ni jiwe, kwa Kilingala, na kulitupa ni kumtaja mtu katikati ya muziki, pale gitaa linapopumua, ili jina lake liende popote wimbo unapokwenda. Wimbo usio na libanga kwetu unaonekana kama mtu aliyekuja harusini bila kusalimia meza. Siku wanamaliza kurekodi, wanajeshi wawili waliingia studio, wakaegemeza bunduki kwenye trei za mayai, wakasema kwa adabu kabisa kwamba Koloneli wao ameisikia sauti ya huyu mtoto na anaipenda. Hawakudai kitu. Walikaa tu. Koloneli wakati huo ndiye aliyekuwa ameushika mji, na mtoto akafanya kile ambacho kila mwimbaji wa hapa angefanya ili wale watu wainuke: baada ya kiitikio cha pili alilitaja jina lake, na cheo chake, na kumwita baba wa amani. Jina silitaji hapa. Nimejifunza.

Alinieleza hayo jioni akiosha vyombo, kama mtu anayesimulia mvua. Nilimuuliza kama haikuwezekana kukataa.

"Tantine, ungewakatalia weye?"

Nikasema ningewapa kumi na mbili juu ya ishirini. Tukacheka. Ndivyo tulivyokuwa wajinga.

Kisha mji ukabadilisha wenyewe. Sitasimulia jinsi ilivyokuwa. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesikia zaidi yetu kwenye redio. Nasema tu kwamba kulikuwa na siku za milio, halafu siku moja ya kimya kilichokuwa kibaya kuliko milio, halafu wanaume wapya wenye bunduki kwenye bariere zilezile za kuzuia barabara, wakiketi kwenye viti vilevile vya plastiki. Koloneli alikuwa ameondoka na watu wake. Jina lake lilibaki. Lilikuwa ndani ya simu za mji mzima, likiitwa baba wa amani kwa sauti tamu ya binti wa kaka yangu.

Kwa siku chache tulijidanganya kwamba wanaume wapya wana mambo makubwa kuliko nyimbo. Kisha nilikwenda ufukweni pamoja na jirani yangu, maana mtu hula hata mji ukibadilika. Tulikuwa tunarudi, tumesimama kwenye foleni ya bariere ya daraja la Mulongwe, yeye na beseni lake la ndagala, mimi na miwani yangu. Walikuwa wanafungua simu za watu na kutazama picha. Mbele yetu alibaki mzee mmoja tu. Ndipo simu ya jirani yangu ikalia, chini kabisa ya samaki.

Tantine wa miwani, toa ishirini.

Jirani yangu akaingiza mkono kwenye ndagala. Kijana mwenye bunduki akainua kiganja.

"Acha iimbe. Hii ni wimbo muzuri. Nani anaimba?"

"Sijui, baba. Ni watoto walinipakilia tu."

"Acha iimbe."

Iliimba. Yule kijana alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo, na kwa kweli alikuwa mdogo, ningeweza kuwa nimemfundisha. Ubeti ukaisha. Kiitikio cha kwanza kikaisha. Mimi na jirani yangu hatukutazamana. Tulikuwa tunausikiliza wimbo kama watu wanaosikiliza hatua za mtu anayekuja kwenye ngazi, kwa sababu wote wawili tuliujua kwa moyo, na tulijua ni nani anayengoja baada ya kiitikio cha pili.

Kiitikio cha pili kikaanza. Hapo jirani yangu alipiga kelele kwamba kitu kimemng'ata, akaliachia beseni. Ndagala zote zikamwagika barabarani, simu ikaruka pamoja nazo, naye akapiga magoti juu yake akilia juu ya samaki wake, na katika kulia huko kidole chake kikapata kibonye.

Kijana alicheka. Aliinama hata kumsaidia kuokota. Kisha akaniangalia mimi, nikiwa nimesimama wima kama mlingoti.

"Huyu tantine wa miwani ni nani?"

"Sijui," nikasema. "Kuna matantine wengi."

Lilikuwa jibu langu la kila siku, na kwa mara ya kwanza halikumchekesha mtu. Alinitazama miwani kwa muda. Halafu akatupungia mkono tupite.

Tulipovuka daraja jirani yangu alitoa betri kwenye simu. Mikono yake ilinuka samaki.

"Aliyenipigia ni bwana yangu," akasema. "Nitamuua. Bila shaka anauliza kiberiti iko wapi."

Nilivua miwani yangu siku hiyo. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaizika ndani ya gunia la unga wa mihogo. Tangu hapo nilitembea mjini nikiwasalimia watu nisiowajua na kuwapita ndugu zangu. Wanawake wa kanisani walidhani hofu imenigusa akili. Hawakukosea sana.

Na nilimwambia mtoto aondoke.

Hilo ndilo nataka lieleweke, kwa sababu ndilo lililonikaa kifuani wiki zote zilizofuata. Hakutaka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu ameiweka juu ya ndoo.

"Tantine, hapa hawajui sura yangu. Wanajua sauti tu. Nitanyamaza."

"Huwezi kunyamaza. Unaimba hata ukipiga mswaki."

"Na huko njiani nitapita bariere ngapi?"

Swali la bariere nililiruka. Nilikuwa na hoja. Lubarika ni kwa baba yake, huko uwandani ni mashamba, hakuna anayesikiliza muziki, wanawake wa mihogo wanapita njia ya Nyakabere kila siku na hawasumbuliwi. Utangulizi, mwili, hitimisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu yake mfukoni na kuiweka mezani.

"Basi hii inabaki. Iko na nyimbo zote. Wakinikuta nayo, nimekwisha."

"Na utanipigiaje?"

"Namba yako naijua kwa kichwa. Si ulinikaririsha, kama mtoto wa chekechea?"

Ni kweli. Nilimkaririsha tena asubuhi ile. Alifunga kitenge cha shamba, akajipaka vumbi kidogo miguuni, akatoka na wanawake watatu wanaorudi uwandani. Kwenye kona aligeuka. Mimi bila miwani niliona tu kitambaa cha njano kikisimama, halafu hakipo.

Siku mbili baadaye mtandao ulikatika. Simu zikawa saa za mfukoni.

Nilikuwa na simu yake. Mtu mwenye akili angeitupa ziwani. Mimi niliiweka ndani ya unga pamoja na miwani, na kila adhuhuri, wakati watu wamejifungia kwa joto, nilikuwa naifukua, naipangusa, naweka kisikilizio kimoja sikioni, sikio la pili nikiliacha kwa ajili ya lango. Mle kulikuwa na nyimbo zilizokamilika, na nyingi zaidi ambazo hazijakamilika. Kulikuwa na kukohoa kwake. Kulikuwa na dakika nzima ya yeye akigonga sufuria kutafuta mdundo. Na kulikuwa na wimbo mmoja alioanza kuurekodi jikoni mwangu, bila gitaa, juu ya mtu anayengojwa mezani mpaka ugali ukauke. Katikati inasikika sauti ya mwanamke nyuma, kali kidogo: "Hapo umerudia neno 'sana' mara tatu." Halafu sauti yake, bila kuacha kuimba, inalitia neno la nne.

Sikuwahi kujua kwamba nasikika hivyo. Niliusikiliza ule wimbo kuliko mingine yote. Kila mara nilijiambia huu ndio wa mwisho, sasa nitaifuta, maana sauti yangu ilikuwa pale, karibu na yake, na mtu yeyote mwenye masikio angetambua tantine ni nani. Sikuifuta. Sikuwa na sauti yake mahali pengine.

Nilijipa imani kwamba yuko kwa baba yake. Nilimwona akipalilia mihogo kwa shida na kulalamika. Kisha mwanamke mmoja wa uwandani alifika langoni kwangu akiuza majani ya mihogo, akaniuliza kama ndiye mimi dada wa fulani wa Lubarika.

"Kaka yako anakusalimia. Alisema nikifika nikuulize: mutoto iko salama kwako? Anasikia mambo ya hiyo wimbo, anaogopa. Alisema usimuruhusu atoke hata kidogo."

Nilimwomba arudie. Alirudia, kwa upole, akidhani mimi ni kiziwi. Nilinunua majani yote, nikayaacha kwenye ngazi mpaka yakanyauka. Kaka yangu alikuwa anashukuru Mungu kwamba binti yake yuko kwangu, mimi nikishukuru kwamba yuko kwake, na kati yetu kulikuwa na uwanda mzima ambamo hakuwepo. Nilimtuma yule mwanamke na neno gani? Nilisema, "Mwambie nimesikia." Huo ndio ulikuwa ufasaha wangu.

Wanaume walikuja wiki hiyo, mchana mweupe, watatu. Walisema wanatafuta watu wa Koloneli. Na nani angekuwa mtu wa Koloneli kuliko msichana aliyemwita baba wa amani katika kila simu ya mji? Walikuwa na adabu, kama wale wa kwanza. Nimeanza kuogopa adabu.

"Hapa njo kwa yule tantine wa wimbo?" akauliza mmoja, kwa ile njo ya kwetu ambayo vitabu huiandika ndio.

"Hapana."

"Watu wanasema ni hapa."

"Watu wanasema mengi. Mimi sina mume, sina mtoto, sina hata miwani."

Mmoja alibaki na mimi barazani, wawili waliingia. Nilisikia vitabu vikishuka kutoka kwenye rafu, kimoja kimoja, halafu vyote kwa pamoja. Kisha nikawasikia jikoni. Mmoja akauliza gunia lina nini. Nikasema unga. Akasema huo ni unga mwingi kwa mtu asiye na mtoto. Nikasikia kamba ya gunia ikifunguliwa. Nilikuwa nawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba watakapoigusa simu watausikiliza ule wimbo wa jikoni kwanza, maana ndio wa mwisho kusikilizwa, na kwamba nitakamatwa nikisahihisha.

"Weye! Profesa wa bure!"

Jirani yangu aliingia uani kama mafuriko, mkono kiunoni, bila kuwatazama wenye bunduki, kana kwamba ni kuku.

"Ndagala yangu uliikula, na leo unajificha nyuma ya wageni? Baba, musimuamini huyu, ni mwizi. Anajifanya ni tantine wa wimbo ili watu wamupe vitu bure! Tantine mwenyewe alihamia Bujumbura zamani, mwanamuke munene, muzuri. Angalia huyu. Kuna bwana anaweza kuja kumutamkia huyu?"

Wa barazani aliniangalia toka juu hadi chini. Aliona nywele zisizosukwa, gauni lenye mkono mmoja uliochanika, na macho yanayokodolea kitu kisichoonekana. Alicheka. Wenzake walitoka jikoni kuona kinachochekesha, mikono yao ikiwa myeupe kwa unga mpaka kwenye viganja tu. Na jirani yangu alizidi kupiga kelele juu ya ndagala hadi walipochoka kelele na kuondoka.

Lango lilipofungwa aliketi chini palepale kwenye mavumbi.

"Unisamehe kwa ile ya bwana," akasema.

"Ilikuwa hoja nzuri."

"Ngapi juu ya ishirini?"

Nililia badala ya kutoa alama, na yeye akalia.

Mtandao uliporudi, ulirudi na hofu yake. Mji mzima ulikuwa unapiga na kupigiwa, lakini kwenye kila kisima ilisemwa kwamba wapo wanaume wanaopiga namba za watu na kujifanya wasamaria. Wanakuuliza kwa upole kama wewe ni mama wa fulani, kaka wa fulani. Ukisema ndiyo, wanajua nyumba. Mtu wa mtaa wa pili alisema ndiyo, na jioni hakuwa nyumbani kwake. Kwa hiyo watu waliacha kujitambulisha. Mtu alipokea simu na kunyamaza, na aliyepiga naye akanyamaza, mpaka mmoja akate.

Kaka yangu alinipata. Nilimwambia ukweli. Hakunilaumu, na sijui kama nitamsamehe kwa hilo. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyesoma. Niambie nifanye nini." Nilimwambia angoje, nitampigia. Nilikuwa sina cha kumpigia.

Simu yangu ililia siku moja adhuhuri, nikiwa nimekaa jikoni karibu na gunia. Niliileta karibu na pua, lakini bila miwani namba ilikuwa mstari wa sisimizi. Nilipokea, nikanyamaza. Upande wa pili kulikuwa na upepo mwingi, na mbali kidogo ng'ombe mmoja alilia.

"Alo," akasema mwanaume. Sauti ya mtu mzima, ya watu wa milimani, isiyo na haraka. "Alo. Hapo njo kwa tantine wa kumi na mbili juu ya ishirini?"

Kinywa changu kilijibu kabla yangu.

"Hapana. Si mimi."

"Si weye?"

"Kuna matantine wengi."

Hakukata. Upepo uliendelea kupuliza kwenye simu yake. Nilifikiri: hivi ndivyo wanavyofanya, wanakuacha uongee. Nilifikiri juu ya yule mtu wa mtaa wa pili. Nilifikiri kwamba nikikata sasa nitakuwa salama, jirani yangu atakuwa salama, na sitaweza hata kusoma namba iliyonipigia. Mkono wangu mwingine ulikuwa ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko. Sikumbuki niliuingiza lini. Ulikuwa umeishika miwani.

"Mama," akasema yule mwanaume, "mimi niko juu ya kilima, huku bariere hakuna, na betri inaisha. Kama si weye, nakata."

"Usikate," nikasema. "Ni mimi. Tantine wa kwenye wimbo ni mimi."

Nilisikia akiziba simu kwa kiganja, lakini si vizuri, na akamwambia mtu pembeni yake:

"Huyu alikataa kwanza, kisha akakubali. Wale wengine wote, wa zile namba ulizokosea mwisho, walisema ndiyo palepale, wanacheka."

Na nyuma ya upepo, sauti iliyokauka kwa baridi, sauti niliyoijua mpaka kwenye kukohoa kwake, ikasema:

"Njo yeye. Nipe."